Chumvi ya Mzee Mwiko

9 Februari

Kwako mjukuu wangu, mke wangu wa uzeeni,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na hujapata mume mwingine huko chuoni. Mimi babu yako mzima, magoti yanalalamika lakini yananifikisha. Baba yako mzima, anatengeneza majokofu ya watu huku la kwetu linavuja. Mama yako alilazwa hospitali siku tatu mwezi uliopita, wanasema ni uchovu, sasa amerudi kiwandani kwenye cherehani yake. Paka wa jirani amezaa tena chini ya kitanda changu, bila ruhusa.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Kwa masikio yangu haya, simu lazima iwekwe sauti ya juu, na ikiwekwa sauti ya juu nyumba nzima inasikiliza. Ninayotaka kukueleza yanaihusu hiyo nyumba nzima.

Kuna jambo linapikwa hapa, na safari hii mpishi si mimi. Mama yako aliporudi hospitali, baba yako alibandika karatasi kwenye mlango wa jokofu. Juu imeandikwa MLO BORA WA FAMILIA. Nusu ya sahani mboga na matunda, robo wali au viazi, robo maharage, samaki au yai. Mafuta vijiko viwili kwa sufuria nzima, tena vya kupima, si vya kukadiria. Soda hakuna. Chini ya neno chumvi wamepiga mistari miwili, na kopo langu la chumvi limetoweka. Nilipouliza, baba yako akasema, "Baba, umepika miaka mingi. Pumzika sasa, zamu yetu."

Nipumzike. Mimi niliyelisha wanafunzi mia sita wa shule ya bweni kwa miaka thelathini na moja, mpaka wakaniita Mzee Mwiko, naambiwa nipumzike na mtu niliyemfundisha kumenya kitunguu. Wameninyang'anya mwiko wangu, kisha kila kitu jikoni wamekifanya mwiko. Wala usidhani natia chumvi, hata hiyo ya kutia sina.

Sasa swali langu. Mwandiko wa karatasi ile ni wa baba yako, lakini maneno si yake. Baba yako hajatamka neno "nyuzinyuzi" tangu azaliwe. Katika ukoo huu namjua mtu mmoja tu anayesomea kula. Nijibu kwa karatasi.

Ni mimi babu yako.


26 Februari

Shikamoo babu, mume wangu mwenye wivu,

Mume mwingine sijapata, wanaume wa huku hawajui kupika. Mimi mzima. Chumbani tuko wanne na jiko moja la umeme ambalo upande mmoja umekufa, kwa hiyo tunapika kwa foleni. Mitihani inaanza wiki ijayo, niombee. Wasalimie wote, pamoja na yule jirani yako kinyozi na paka mwenye uzazi.

Kuhusu karatasi ya jokofu, usiipe maana isiyokuwa nayo. Familia nyingi sasa zinabadilisha ulaji. Chumvi tunayokula majumbani ni nyingi kuliko mwili unavyohitaji, na kinachotudanganya ni ulimi, umeshazoea. Ukipunguza kidogo kidogo, baada ya wiki kadhaa unaanza kuusikia utamu wa chakula chenyewe. Kuna limau, kuna tangawizi, kuna kitunguu saumu. Wewe wa kufundishwa hayo?

Mpe mama nafasi jikoni, babu. Tangu alivyoanguka amekuwa mnyonge, anahitaji kujiona ana nguvu tena. Na neno nyuzinyuzi siku hizi lipo hata redioni.

Ni mimi mkeo mtiifu.


17 Machi

Mke wangu mwenye siri,

Barua imefika na salamu nimezigawa, isipokuwa za kinyozi, nimembania kwa sababu amenikata vibaya. Baba yako amepata kazi kubwa ya kutengeneza majokofu ya duka la nyama. Akirudi, mama yako anamfukuza sebuleni eti ananuka damu. Mimi huwa nimekaa naye kochi moja wala sisikii kitu, mama yako amezidi kudeka.

Tusipotezeane muda. Mimi nilikuandikia kwamba mama yako alilazwa kwa uchovu. Wewe umenijibu "tangu alivyoanguka". Nani alianguka? Wapi? Hapa nyumbani hakuna aliyelitaja neno hilo mbele yangu. Nimelisoma mara nne, nikavaa na miwani ya baba yako juu ya yangu, neno lipo palepale.

Kwa hiyo wewe unajua, baba yako anajua na mama yako anajua. Mnakula njama, na ndicho kitu pekee kinacholiwa hapa chenye ladha.

Nimefanya uchunguzi. Kopo langu la chumvi limefichwa kwenye kabati la vifaa vya baba yako, nyuma ya misokoto ya waya. Mwanzo nilidhani wananibana mimi peke yangu, nikawa nawavizia wakati wa kula, kumbe na wao wanakula vilevile. Hilo ndilo lililonitisha. Kinyozi anasema mzee akigundulika na ugonjwa mbaya, nyumba nzima hula chakula chake ili asishtuke. Nikakumbuka Januari waliponipeleka kupima macho. Nesi akanifunga mkono akapima presha, akanitoa na damu. Tangu lini macho yakawa mkononi? Na tangu hapo mama yako akiniwekea sahani haniangalii usoni, na ananiita baba kwa sauti ya msibani.

Juzi kaleta supu, anasema ameweka limau, tangawizi na kitunguu saumu. Nikaonja, maji ya moto matupu. Nikamshukuru nikamaliza, mgonjwa atachagua nini.

Niambie ukweli, nina muda gani? Nilitaka kukuandikia kwamba siogopi kufa, lakini ni uongo, naogopa sana. Ila naogopa zaidi kukaa mezani nikiwa mjinga peke yangu, wenzangu wote wanajua.

Babu yako.


4 Aprili

Shikamoo babu,

Sisi huku wazima, mitihani imepita salama. Barua yako nimeisoma nikacheka, halafu nikalia, mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akaniuliza kama nimefeli.

Huumwi, babu. Majibu yako ya Januari nimetumiwa na nimeyasoma mwenyewe. Presha yako ni ya kijana, sukari iko sawa, moyo uko sawa. Nakuapia kwa marehemu bibi, na unajua siwezi kumwapia bibi kwa uongo. Kinyozi abaki na nywele.

Kuhusu lile neno, ni kweli kuna jambo, lakini si langu kulitoa. Nimemwahidi mtu. Usinibane, tafadhali.

Sasa na mimi nina swali. Ile supu, mama aliniambia kwenye simu kwamba aliikamulia malimau mawili mpaka baba akakunja uso. Wewe unasema ni maji ya moto. Baba anarudi ananuka damu, wewe umekaa naye kochi moja na husikii. Babu, tangu lini? Naomba ufanye jambo dogo. Fumba macho, mwambie baba akuwekee kidogo kidogo kwenye ulimi, sukari, kisha limau, kisha chumvi, na wewe utaje ni nini. Halafu uniandikie. Usinikasirikie.

Mjukuu wako anayekupenda.


19 Aprili

Mjukuu,

Salamu. Hapa wote wazima.

Nilianza kupika kabla baba yako hajaota meno. Mkaguzi wa shule alikuwa akifika, kabla hajaingia ofisini anapitia kwanza jikoni kwangu, anavutwa na harufu. Leo mtoto anayesomea kula vitabuni anataka nifumbe macho nilambishwe sukari. Nimekuuliza kama nakufa, wewe unaniuliza kama nina ulimi. Nimeshaelewa, umeambiwa unizungushe.

Ulimi wangu ni mzima. Habari za limau usiniandikie tena.

Mzee Mwiko.


31 Mei

Shikamoo babu,

Natumaini hujambo. Hii ni barua ya tatu tangu ile yako ya Aprili. Mbili za mwanzo hukuzijibu na sijui kama zilifika au zimelaliwa na watoto wa paka.

Baba anasema goti lako limevimba na umekataa kwenda kuliangalia. Mama anasema huji tena mezani, unakula mkate chumbani na mlango umeufunga. Ameanza kukuwekea sahani nje ya mlango, na asubuhi anaikuta kama alivyoiacha. Babu, huo sasa ndio ugonjwa. Mtu wa umri wako hawezi kuishi kwa mkate na chai. Kama una hasira na mimi, nikasirikie mimi, lakini kula mboga zako.

Naomba radhi kwa swali lile, lakini silifuti. Nakuuliza kwa sababu naogopa, wala sikudharau. Kila mtu katika nyumba hiyo anamfichia mwenzake kitu na mimi nimechoka kuwa kabati lenu.

Andika chochote, hata matusi.

Mjukuu wako.


20 Juni

Kwako mjukuu wangu,

Barua zako zote tatu zilifika. Sikuzijibu kwa sababu ya kiburi, na kiburi hicho nimekiacha duka la dawa.

Jumanne baba yako alibanwa na kazi, akanituma nikamchukulie mama yako dawa kwenye duka la dawa la hospitali. Nikafurahi, nikajua leo nitaujua ukweli. Muuza dawa ni binti mpole mwenye miwani. Akanipa pakiti akasema, "Mzee, mwambie mkweo asiruke hata siku moja. Alivyoletwa hapa na wenzake wa kiwandani, ameanguka juu ya cherehani, presha ilikuwa imepanda mpaka daktari akaipima mara mbili. Na chumvi mmepunguza? Maana alisema chakula cha kwenu kina chumvi kali, ila anayepika ni mtu ambaye hawezi kumwambia." Halafu akaniuliza, "Kwani huko kwenu anapika nani?"

Nikamjibu kwamba mpishi tumeshamfukuza.

Nikarudi nyumbani, hapakuwa na mtu. Nikafungua kabati la baba yako, nikatoa kopo langu nyuma ya waya, nikachota kijiko kizima nikatia mdomoni. Mchanga. Nikachukua limau nikaliuma na ganda lake. Maji. Nikakaa chini jikoni, na kwa goti hili unajua kuinuka ni shughuli.

Umeniuliza tangu lini. Tangu yale mafua ya mwaka aliofariki bibi yako, yaliyonilaza wiki tatu. Pua ilifunguka lakini ladha haikurudi. Nikangoja. Sikumwambia mtu, maana mpishi asiye na ulimi ni kama dereva asiye na macho, nani atampa gari? Nikawa napika kwa kumbukumbu, konzi hii ya chumvi, konzi ile. Lakini mkono wangu umezoea sufuria za watu mia sita. Mkila kimya, mimi najua chakula kimepooza, kesho naongeza. Mkizidi kunyamaza, naongeza tena. Miaka miwili.

Na mama yako alikuwa wa kwanza kumaliza sahani, kila siku ya Mungu. "Asante baba, chakula kizuri." Anakwenda kunywa maji, glasi tatu, mimi namwona, nasema moyoni huyu mwanamke anapenda maji.

Nimemshuku baba yako, nikamshuku mama yako, nikakushuku wewe, nikamshuku mpaka nesi wa macho. Aliyekuwa anashika kopo sikumshuku hata siku moja. Nimekaribia kumuua mkwe wangu kwa mkono wangu huku nikisubiri asante.

Kwa nini hakusema? Muulize wewe. Mimi nashindwa, naogopa atakachonijibu.

Babu yako.


8 Julai

Shikamoo babu yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye foleni ya jiko, zamu yangu ikapita. Sote huku wazima. Baba ameniambia umerudi mezani na goti limepungua, nimemshukuru Mungu.

Nimemuuliza mama. Sikumwambia kwamba unajua, hilo ni lako. Nilimuuliza tu kwa nini hataki wewe uambiwe. Akaniambia kwamba alipoolewa hakujua kupika, na wiki ya kwanza walikuja wageni wa upande wenu kumpima. Aliunguza kila kitu. Wewe ukaingia jikoni kwa mlango wa nyuma na sare zako za kazini, ukapika upya, ukatoka kwa mlango uleule. Wageni waliposifia, ukasema na wewe mbele yao kwamba mkwe wako ana mkono mzuri. Hukuwahi kumkumbusha siku ile hata mara moja. Mama anasema, "Alinisitiri mimi mgeni. Ningemwaibishaje yeye ndani ya nyumba yake?" Anasema pia kwamba tangu bibi afariki, kupika ndiko kulikokuwa kunakuamsha kitandani, na aliona afadhali ameze chumvi.

Nilikasirika, babu. Nilimwambia hiyo siyo heshima, ni kujiua polepole. Akasema sielewi kwa sababu sijaolewa.

Karatasi ya jokofu niliiandika mimi, baba akanakili. Lile la "pumzika sasa, zamu yetu" nilikuwa nimelitunga mimi pia. Hata kile kipimo cha macho cha Januari, tulitaka kujua kama chumvi imekudhuru na wewe. Tulitaka utoke jikoni bila kujua kwa nini unatolewa. Naona sasa kwamba tulikuibia kwa adabu. Nisamehe.

Mjukuu wako.


3 Agosti

Kwako mke wangu, mchunguzi wangu,

Wote hapa wazima. Juzi mama yako kapimwa, presha imeshuka, daktari amefurahi na kumwambia aendelee hivyohivyo. Baba yako amemaliza majokofu ya nyama na la kwetu bado linavuja. Watoto wa paka wamekua, mmoja ni mwizi.

Barua yako nilikaa nayo siku tisa. Siku ya wageni ile naikumbuka. Nilikuwa nimesahau kwamba na yeye anaikumbuka.

Jumamosi nikamwita mama yako jikoni, nikamvutia kiti. Nikamwambia, "Mkwe wangu, najua kilichokuangusha." Akasema haraka, "Hapana baba, ni uchovu tu." Hata hapo. Baba yako alikuwa mlangoni na bisibisi mkononi, akawa anaikagua kama hajawahi kuiona. Nikawaeleza yote, mafua, ulimi, konzi, duka la dawa. Nilisema bila kupumzika, kwa sababu nilijua nikipumzika sitaendelea. Mama yako akalia akiwa amefunika uso kwa kanga. Nikamwacha alie, nikainjika maharage niliyokuwa nimeyachemsha asubuhi.

Nikaweka nyanya, karoti, kitunguu saumu na tangawizi, nikakamua limau, mafuta vijiko viwili vya kupima kama karatasi yako inavyotaka. Kopo la chumvi sikuligusa. Nikachota kwenye kijiko nikampa aonje.

Akaonja. Akasema, "Asante baba, chakula kizuri."

Nikaweka mwiko chini. Nikamwambia, "Adabu yako nusura ikuzike. Mimi hapa sina ulimi, nitakaouazima ni wako, na wewe unanipa wa uongo. Leo nakuomba unikosee adabu. Ni mimi baba yako ninayekuomba."

Akamtazama mume wake, mume wake akaitazama bisibisi. Kisha akasema akiwa ameinamia sakafu, kwa sauti ndogo ambayo nilimwambia airudie kwa sababu ya masikio yangu. Akairudia kwa nguvu. "Baba, yameungua."

Yalikuwa yanaungua mbele ya pua yangu na sikusikia. Nikasema, haya, nini kingine? Akasema limau limezidi. Karoti hazijaiva. Halafu sijui nini kikamfunguka, akasema wali wangu wa siku ya arobaini ya bibi yako ulikuwa haulikani, na samaki wa mwezi uliofuata alimfanya anywe maji mpaka alfajiri, na ile supu ya kabeji niliyoisifia mwenyewe, mbwa wa jirani aliinusa akaondoka. Alizitaja moja baada ya nyingine, za miaka miwili, na kila alipotaja moja alisema "samahani baba" kisha anataja nyingine. Baba yako akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, akatoka nje. Mimi nilisimama pale machozi yananitiririka na sikutaka anyamaze. Miaka ishirini na mitatu tumekaa nyumba moja, na sijawahi kuzungumza na mama yako kabla ya Jumamosi hiyo.

Tukamwaga, tukaanza upya. Yeye anaonja, mimi nakoroga. Sufuria ya pili ilipofika mwisho, akaonja akakaa kimya, na kimya hicho nakijua. Nikamwambia aseme.

Akasema, "Bado, baba. Ongeza nyanya."

Nikaongeza.

Babu yako.